Bibi Tak Akalia Mtungi wa Kampuni

Tulipoachana juma lililopita, Mkaguzi Ma Hye-rin alikuwa ameshika mfuniko wa Mtungi Mama kwa mikono miwili, na Bibi Tak Bok-rye, mwenyekiti wa kampuni, mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye goti moja bovu, alikuwa anakuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Watu walidhani atampiga mtu.

Hakumpiga mtu. Alikanyaga ndoo iliyopinduliwa, akapanda juu ya jiwe, akajigeuza kama kuku anayetafuta pa kutagia, na puu! Akakaa juu ya mfuniko. Mkaguzi Ma aliwahi kutoa vidole vyake kwa bahati tu.

"Haya," Bibi Tak alisema, akiulaza mwiko mapajani. "Anayetaka kuufungua mtungi, anifungue mimi kwanza."

Pyo Mun-sik, mkuu wa uhasibu wa kampuni hiyo, alihisi jasho likimshuka mgongoni ingawa theluji ilikuwa haijaisha milimani.

Kwa msomaji aliyeingia leo, mambo yenyewe ni haya, na nitayasema haraka maana bibi amekaa vibaya. Kampuni ya Tak inatengeneza mchuzi wa soya huko Sunchang. Hisa zake zinauzwa Seoul, kwenye soko la hisa, na nusu ya kijiji wamezinunua. Kampuni iliyo sokoni lazima itoe hesabu zake za mwaka, na hesabu hizo lazima zisainiwe na mkaguzi kutoka nje. Mwisho wa kuzipeleka ni leo, saa kumi na moja jioni. Pasipo saini, hisa zinasimamishwa kesho asubuhi, na kampuni inaanza safari ya kufukuzwa sokoni.

Katika hesabu hizo kuna mstari mmoja unaosema: Mtungi Mama, umejaa.

Mtungi huo una mchuzi wa mbegu, wa tangu enzi za mama mkwe wa mama mkwe wa Bibi Tak. Kila mwaka huchotwa kidogo kutiwa katika mitungi mingine, kila mwaka huongezwa mwingine mpya, na hivyo hauishi. Kila chupa ya kampuni imeandikwa ubavuni, "Kutoka kwa Mtungi Mama." Uondoe mchuzi huo, wanabaki wauza maji ya chumvi kama wengine wote.

Aliyeandika mstari ule na kuusaini ni Mun-sik. Kwa sheria ya sasa, mkuu wa uhasibu akisaini kwamba kitu kipo na kumbe hakipo, hapewi barua ya onyo. Anapelekwa mahakamani.

"Mama Mwenyekiti, tafadhali shuka," alisema.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Sikuulizi siku ya ofisini. Siku ya mwezi!"

Mun-sik alifikiri. "Siku ya nne ya mwezi, kwa kalenda ya zamani."

"Basi leo yule mzimu mzururaji, anayehamahama pande zote nne, yuko upande gani?"

"...Kusini."

"Na mtungi unaangalia wapi?"

Mun-sik aligeuka kuangalia. Mtungi ulikuwa unaangalia kusini.

"Umeona?" Bibi Tak alimgeukia mkaguzi. "Mtungi haufunguliwi mzimu akiwa anautazama. Unaharibika. Siku isiyo na mzimu ni wiki ijayo. Njoo wiki ijayo, binti, nitakupikia."

"Bibi, wiki ijayo mtakuwa mmeshasimamishwa sokoni," Mkaguzi Ma alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vya mvua na koti refu, na alikuwa hajacheka tangu afike. "Sheria haijui kusini wala kaskazini."

"Ndiyo maana inapotea njia mpaka kwenye uwanja wangu."

Zamani mambo hayakuwa hivi. Zamani kampuni ilijichagulia mkaguzi wake yenyewe, na kwa miaka mingi mkaguzi huyo alikuwa Mzee Seok, aliyesoma darasa moja na marehemu mume wa Bibi Tak. Mzee Seok alikuwa akifika, anakunywa pombe ya mchele bakuli mbili, anauinamia Mtungi Mama kwa heshima kama anayeinamia mkwewe, kisha anaandika "umejaa" na kurudi kwao na pakiti ya soya. Hakuna aliyemlaumu. Nani angefungua mtungi wa mababu wa watu?

Ndipo sheria ikabadilika. Kampuni ikishajichagulia mkaguzi kwa miaka kadhaa, basi miaka inayofuata serikali ndiyo inayochagua. Serikali ikamchagua Ma Hye-rin. Naye, siku ya kwanza tu, akauliza swali ambalo halijawahi kuulizwa Sunchang: "Kuna aliyeuona ndani?"

Hakujitokeza hata mmoja.

"Na si hilo tu," Mkaguzi Ma aliendelea sasa, akimgeukia Mun-sik. "Hata kama umejaa, mimi sijui niuweke fungu gani. Mchuzi huu hamuuzi. Ni bidhaa au ni mtambo?"

"Ni kama ng'ombe wa maziwa," Mun-sik alisema. Alikuwa amelala na jibu hilo kwa siku nyingi. "Tunauza maziwa. Ng'ombe anabaki."

"Ng'ombe huzeeka. Mali inayozeeka lazima ipunguzwe thamani kila mwaka, ndiyo uchakavu wenyewe. Nyinyi kila mwaka mmeipandisha."

"Mchuzi ukizeeka unapanda bei."

"Meneja Pyo, kitu kinachozeeka bila kuchakaa sijakiona popote."

"Kiko juu ya mtungi," Bibi Tak alisema. "Inua macho."

Kina mama wa mitungi, waliokuwa wameacha kazi zao na kujipanga kwenye ukuta wa mawe, waliangua kicheko. Mkaguzi Ma alitazama saa. Ilikuwa saa nane na robo.

Hapo Mun-sik akapata wazo. Msomaji, mtu mwenye hofu ya mahakama hupata mawazo ambayo mtu mwenye raha hawezi kuyapata.

"Tuupime!" alisema. "Tuna mizani ya magunia ghalani. Tunaupima mtungi na Mama Mwenyekiti akiwa juu. Kisha tunampima Mama Mwenyekiti peke yake. Tunatoa. Halafu kule getini kuna mtungi pacha wake, wa mfinyanzi yuleyule, tunaowekea miavuli. Huo ni mtupu. Tunautoa pia. Kinachobaki ni mchuzi!"

Mkaguzi Ma aligongagonga kalamu kwenye daftari. Kisha akasema polepole, "Sheria inanitaka nijiridhishe. Haisemi lazima niingize kichwa ndani."

"Ngoja kwanza," sauti ikatoka juu. "Mnampima nani?"

"Wewe, Mama Mwenyekiti."

"Mbele ya watu hawa?"

"Ni dakika moja tu."

"Na kilo zangu zitaandikwa?"

"Kwenye karatasi zangu za kazi, ndiyo," Mkaguzi Ma alisema.

"Seoul watazisoma?"

"Wakija kunikagua mimi."

"Kumbe na wewe unakaguliwa? Pole." Bibi Tak alifikiri. "Basi andika hamsini, tuendelee na mengine."

"Siandiki nisichokiona."

"Binti mzima huna hata huruma ya mwanamke mwenzio!"

Lakini foklifti ilikuwa imeshawashwa. Ilikuja ikinguruma kati ya mitungi, ikaingiza vyuma vyake chini ya ubao wa Mtungi Mama, na taratibu, huku dereva akiwa amefumba jicho moja kwa woga, mtungi na mwenyekiti wake wakapaa.

"Mwenyekiti kapanda!" alipiga kelele Mama Dong-ha, mkubwa wa kina mama wa mitungi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka Namwon. "Jamani, uzeni hisa sasa hivi, haziwezi kupanda zaidi ya hapa!"

"Mama Dong-ha, nikishuka nakufukuza kazi!"

"Shuka basi!"

Walivuka uwanja mzima hivyo, Bibi Tak akiwa amekaa wima kama malkia, akimwelekeza dereva kwa mwiko. Mzee mmoja aliyekuwa anapita barabarani na baiskeli alivua kofia, akidhani ni matambiko.

Mizani ikasoma. Mkaguzi Ma akaandika, na foklifti ikautoa mtungi kwenye mizani na kuuweka kando.

"Sasa shuka upimwe peke yako, Bibi."

"Nikishuka utaufungua."

"Sitaufungua."

"Nani atakuwa dhamana?"

Wote wakamtazama Mun-sik.

Hivyo ndivyo mkuu wa uhasibu wa kampuni ya umma, mwenye shahada, tai na watoto wawili, alivyopandishwa juu ya mtungi na kuambiwa akalie mfuniko asitingishike. Bibi Tak alishuka akaiendea mizani. Alivua koti. Alivua sweta, na chini yake sweta jingine. Alitoa mifukoni rundo la funguo, simu, vipakiti vya kupasha mikono joto na keki mbili za mchele.

"Keki si mimi," alimwambia mkaguzi. "Zisihesabiwe."

"Ukizila?"

"Nikizila zitakuwa mimi."

Mun-sik alikuwa hasikii. Alikuwa amejiweka sawa juu ya mfuniko, na kisigino chake kikagonga tumbo la mtungi. Mtungi ukatoa sauti.

*Ngooo.*

Aligonga tena, taratibu. *Ngooo.*

Mtungi uliojaa hausemi hivyo. Mtungi uliojaa unasema *du*, basi. Mun-sik alikuwa amefanya kazi katikati ya mitungi muda mrefu kiasi cha kulijua hilo hata usingizini. Aliinua macho, na kule kwenye mizani, Bibi Tak alikuwa anamtazama. Hakuwa anacheka tena. Alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana, kama mtu anayeomba.

Mun-sik alikaza miguu isitingishike.

"Meneja Pyo," Mkaguzi Ma aliita. Mtungi pacha ulikuwa umeshaletwa na kupimwa, naye alikuwa ameinamia kikokotoo. "Kuna jambo la ajabu. Kwa hesabu yako, mchuzi uliomo humu uko chini ya sifuri."

"Chini ya sifuri?"

"Mtungi uliojaa ni mwepesi kuliko pacha wake mtupu."

Mama Dong-ha akauliza, "Kule getini, miavuli mliitoa?"

Hawakuwa wameitoa. Ilitolewa: mwavuli wa kampuni, mwavuli wa benki, mwavuli wa harusi ya mtu, na kiatu kimoja kilichotafutwa tangu vuli. Pacha akarudishwa kwenye mizani. Mkaguzi Ma akatoa upya, akaguna, akaitazama namba kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Mitungi inalingana," alisema. "Shuka, Meneja Pyo."

"Kaa hapohapo, Mun-sik!" Bibi Tak alisema.

"Shuka."

"Mwanangu, kaa!"

Mun-sik aliitazama sura ya bosi wake, na akaitazama sura ya sheria. Kisha akashuka. Hakuweza kumwangalia bibi wakati anafanya hivyo.

Mfuniko ukafunguliwa, mzimu na kusini kwake.

Ndani mlikuwa na pilipili moja kavu na kipande cha mkaa, vile vinavyotiwa kuukinga mchuzi, na ufa. Ufa ulianza shingoni ukashuka mpaka kitakoni, mwembamba kama uzi. Mchuzi haukuwemo hata tone.

"Miaka yote hiyo," Mkaguzi Ma alisema kwa sauti ya chini, "mmewaambia wanahisa umejaa."

Mun-sik alishika ukingo wa mtungi. Aliona mahakama. Alimwona mkewe akimletea soksi za joto gerezani, zile za kijani asizozipenda.

Bibi Tak alikaa chini, juu ya ile ndoo. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Ilikuwa ile baridi aliyokufa mume wangu," alisema. "Tulirudi kutoka kumzika, nikausikia mtungi unapasuka. Baridi iliupasua, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kuufunika kwa nyasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiufunika. Mchuzi ukaanza kuvuja kwenye theluji. Kina mama hawa walikuwa jikoni wanapika supu ya msiba. Nikawaita. Wakaja na chochote walichoshika. Masufuria. Birika. Beseni. Mmoja alikuja na chupa ya mtoto ya maziwa."

"Mimi huyo," alisema Mama Dong-ha. Hakuwa anatania.

"Nikawaambia, chukueni mkautunze nyumbani, uongezeni kila mwaka kama mnavyouona ukiongezwa hapa, na msimwambie mtu. Nilikuwa nimeshamzika mume wangu asubuhi ile. Sikuweza kuzika vitu viwili siku moja." Alijifuta pua kwa kilemba. "Kila mwaka napita mlango kwa mlango na bakuli nachota. Chupa hazidanganyi, binti. Mama yupo. Ila hayupo nyumbani."

Kisha Mun-sik akaruka.

"Yupo!" alipiga kelele. "Mkaguzi Ma, yupo! Ni mali ya kampuni iliyo mikononi mwa wengine!"

Mkaguzi Ma alifunga daftari, akalifungua tena. "Mali ya kampuni iliyo kwa wengine inahesabika," alikubali. "Wenyewe wakikiri kwa maandishi kwamba si yao. Na mimi nikiiona kwa macho. Yote." Alitazama saa. "Kabla ya saa kumi na nusu."

Bibi Tak alikuwa ameshafika ofisi ya mjumbe, kwenye kile kipaza sauti cha kijiji kinachotangaza chanjo za mbwa na misiba.

"Halo, halo!" sauti yake ikatanda bondeni. "Mimi Tak Bok-rye! Wote mlio na mchuzi wangu, uleteni kiwandani sasa hivi! Mkaguzi wa serikali amekuja!"

Lilikuwa kosa. Ndani ya dakika tano nusu ya kijiji walikuwa wameficha pombe zao za kienyeji chini ya vitanda, na mtu mmoja alionekana akimpitisha nguruwe kupitia dirishani.

Ikabidi Mama Dong-ha amnyang'anye kipaza sauti. "Hakuna kodi! Nasema hakuna kodi! Ni mchuzi tu, wapumbavu nyinyi! Mchuzi wa msibani!"

Ndipo wakaja. Wakaja kina bibi wamepinda migongo, kila mmoja akisukuma kigari cha mtoto badala ya kushika fimbo, kama ilivyo desturi ya vikongwe wa kule, na ndani ya kigari, mahali pa mtoto, mtungi umefungwa blanketi. Ilikuwa foleni ya vigari kutoka darajani mpaka getini. Mwingine alikuja na trekta. Mwingine aliubeba wake ndani ya droo ya friji ya kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, friji yenyewe ikiwa bado imeshikamana nayo.

"Wangu umepungua," mmoja alinong'ona. "Mkwe wangu wa Busan anapenda sana."

"Saini hapa kwamba mkwe wako ni mlafi," Mun-sik alisema, akigawa karatasi.

"Mimi nilichanganya na wangu, sasa nitautenganisha vipi?"

"Wako ulikuwa mzuri?"

"Afadhali wa Bibi Tak."

"Basi wote ni wa Bibi Tak. Saini."

Mkaguzi Ma alipita kigari kwa kigari na kijiti chake cha kupimia, amekunja mikono ya koti, na madoa ya mchuzi mpaka kwenye kiwiko. Alipomaliza alijumlisha, akakunja uso.

"Umezidi."

"Si jambo jema hilo?" Mun-sik aliuliza.

"Ukipungua ni kosa. Ukizidi ni kosa."

"Sheria gani hii haijui njaa wala shibe?" Bibi Tak alisema.

"Inajua kilichopo tu, Bibi. Basi." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu afike Sunchang, pembe ya mdomo wake ilicheza. "Rekebisha mstari, Meneja Pyo. Useme ukweli wote, ufa na msiba na majirani. Wanahisa wausome na waamue wenyewe. Ukiandika hivyo, naweza kuwapa hati safi."

Hati safi! Kelele zilizopigwa uwanjani ziliwaamsha bata wa jirani. Mama Dong-ha alimkumbatia dereva wa foklifti, ambaye hakuwa ameleta hata tone. Mun-sik alikimbilia ofisini, akafuta "Mtungi Mama, umejaa," akaandika, "Mchuzi mama, unatunzwa na majirani," akachapisha na kurudi mbio. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

Mkaguzi Ma alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, akipanga karatasi magotini. Bibi Tak alisimama mbele yake na kijiko.

"Umeuhesabu. Sasa uonje."

"Sili vitu vya ninaowakagua, Bibi. Ni kanuni."

"Tone si chakula. Utasainije kitu usichokijua?"

Ilikuwa hoja. Mkaguzi Ma alionja.

Alikaa na kijiko mdomoni kwa muda mrefu, mpaka vicheko vikakatika kimoja kimoja. Alipokitoa, macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mama yangu alikuwa na huu," alisema. "Kikombe kimoja, chini ya sinki, kwetu Gwangju. Alitukataza tusiuguse. Alipofariki nilisafisha jikoni kwake, nikaunusa, nikadhani umeharibika. Nikaumwaga."

"Mama yako nani, binti?" Bibi Tak aliuliza polepole.

"Yeom Mal-lyeon. Kwao Gurye."

"Yule wa Gurye!" Kina mama wakainuka wote kwa pamoja. "Jamani, ni mtoto wa yule wa Gurye! Tazama paji la uso! Alikuwa anakoroga safu ya tatu, anaimba vibaya kama kinu!"

"Aliendelea kuimba vibaya," Mkaguzi Ma alisema, na sasa alikuwa analia wazi, na kucheka. "Mpaka mwisho."

Walimzunguka wakamshika mikono, mabega, nywele. Walimwambia vitu ambavyo mtoto hawezi kuvijua juu ya mama yake: kwamba aliogopa bata, kwamba aliwahi kuangukia ndani ya mtungi wa soya akatolewa kwa miguu. Bibi Tak alimpangusa uso kwa aproni yake yenye chumvi.

Wote walikuwa na furaha, isipokuwa mtu mmoja.

Mun-sik alikuwa amesimama na karatasi zake mkononi, na damu ilikuwa imemwisha usoni.

Yeom Mal-lyeon. Aliijua anwani yake kwa moyo. Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, alikuwa akimtumia barua Gwangju, na barua ilikuwa ikirudi. Kampuni ilipoandikishwa sokoni zamani, Bibi Tak aliwapa zawadi ya hisa kina mama wote waliokoroga mitungi. Wengine waliuza wakanunua pikipiki. Yule wa Gurye hakuuza. Zilikuwa bado kwenye orodha, kwa jina lake, hazijaguswa.

Na mtu akifa, mali yake inakwenda kwa mwanawe.

Mkaguzi haruhusiwi kuwa na hisa hata moja katika kampuni anayoikagua. Hata moja. Akiwa nayo, saini yake si saini, na hati safi ni karatasi tu. Na kumpata mkaguzi mwingine kabla ya saa kumi na moja, hapa Sunchang, leo, haiwezekani.

Alimvuta bibi kando, akamnong'oneza. Bibi Tak alisikiliza, akabadilika rangi, kisha akamkanyaga mguu.

"Nyamaza."

"Mama Mwenyekiti..."

"Yeye hajui. Wewe ukinyamaza hakuna anayejua. Kijiji chote kimewekeza humu, Mun-sik. Nakuomba, mwanangu. Nyamaza kidogo tu."

"Meneja Pyo!" Mkaguzi Ma aliita, akijipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Tumalize, muda umekwisha. Saini yako kwanza, halafu yangu."

Akamsogezea karatasi ya mwisho, ile ambayo kila mkuu wa uhasibu lazima aisaini. Ina sentensi moja ya maana: *Nimemweleza mkaguzi yote ninayoyajua.*

"Kuna jambo lolote ambalo hujaniambia?" aliuliza. Lilikuwa swali la kawaida, anauliza kila mahali, na alikuwa hata hamtazami. Alikuwa ameshaifungua hati yenyewe magotini, akaanza kusaini ili kuokoa dakika.

Kalamu ya Mun-sik iliganda hewani. Nyuma yake Bibi Tak alikuwa amefumba macho. Vigari vilikuwa vimepangwa uwanja mzima, na kando ya kila kigari bibi mmoja amesimama, mkono juu ya mtungi wake kama juu ya kichwa cha mjukuu. Alifikiria soksi za kijani. Alifikiria mtungi aliokuwa ameukalia, na jinsi alivyokaza miguu usilie.

"Mkaguzi Ma," alisema. "Usisaini. Mama yako alikuachia hisa zetu."

Bata walinyamaza.

Mkaguzi Ma aliyashusha macho kwenye hati. Alikuwa ameshaandika Ma. Alikuwa ameshaandika Hye. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi kwa silabi ya mwisho, na wino ulikuwa umeanza kutuama pale, doa dogo jeusi likipanuka taratibu.

"Meneja Pyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamka usingizini, "ungenyamaza pumzi moja tu zaidi, ningekuwa nimeshasaini nikiwa sijui."

Na bado hakuiinua kalamu.